Ada ya viza hailipii kupandikiza mimba: kwa wanandoa wenzangu mlioko England

Shangazi zangu wa Ngamiani, Tanga, wanaamini Ulaya hakuna kisichotibika. "Nyie mko kwa wazungu, mwangoja nini? Nendeni hospitali!" Wanasema kwa mapenzi, siwalaumu. Ila imani hiyohiyo ndiyo niliyokuja nayo mimi, na imekula miaka yangu ya uzazi ambayo hairudi.

Mimi na mume wangu tuko kwa viza ya kazi. Kila tukiomba viza tunalipa ile ada ya afya. Wakati ule ilikuwa pauni 624 kwa mtu kwa mwaka. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035. Ukishalipa unatibiwa NHS, yaani hospitali za serikali, kama mwenyeji: ndivyo tunavyoambizana kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye matanga. Wasichokwambia ni kwamba tangu Agosti 2017, hapa England, ada hiyo haigusi kupandikiza mimba. Utatibiwa presha, utatibiwa kisukari, ukishika mimba utazalishwa bila bili. Kusaidiwa kuishika hiyo mimba, hapana.

Sikulijua hilo. GP wetu, yule daktari wa mtaa unayeanzia kwake, naye hakulitaja. Aliandika barua, tukaingia foleni, tukakaa miezi kumi na sita. Niliingia nina miaka 36. Siku ya miadi tulifika saa nzima kabla. Akaja mama mmoja wa ofisini na faili, akaomba kadi zetu za viza, akazigeuza nyuma na kufuata maandishi kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akainama, akasema taratibu, "Samahani sana, mpenzi." Hapa kila mtu huitwa mpenzi. Tukitaka kuendelea, tulipe wenyewe, tena kabla ya kuanza. Daktari hatukumwona.

Kwa hiyo nakuomba, na nitalirudia: usipange foleni kwa kudhani. Siku ile GP anapotaja kukuandikia barua, mwambie una viza gani, uliza kama hospitali itakuhesabu mgonjwa wa kulipia, na upate jibu kwa maandishi. Usijibiwe kwa mdomo, wala usitegemee la rafiki aliyefanikiwa, maana huenda yeye ana ukaazi wa kudumu. Na usiseme utatibiwa kwanza mengine baadaye: deni la NHS la kuanzia pauni 500 usipolilipa laweza kufika Home Office, ile wizara inayotoa viza, na kuangusha maombi yako ya viza.

Mwenye ukaazi wa kudumu kizuizi hicho hakimhusu, lakini anangojwa na kingine. Mwongozo wa taifa wa 2013 unapendekeza mizunguko 3 ya kupandikiza, yaani kujaribu mara 3 tangu sindano hadi kipimo, kwa mwanamke wa chini ya miaka 40, na mmoja kwa wa 40 hadi 42. Hayo ni mapendekezo tu. Bodi ya afya ya eneo lako ndiyo inayoamua. Bodi nyingi hutoa mzunguko mmoja, na nyingi hukataa kabisa kama mmoja wenu ana mtoto tayari. Kaka zangu, yule mtoto uliyempata kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake Muheza, naye anahesabiwa, hata kama hajawahi kupanda ndege. Usimfiche kwenye fomu. Mwambie mkeo, kisha mtafute masharti ya bodi yenu kabla ya barua kuandikwa.

Vipimo vyenyewe havina maneno mengi: mwaka mmoja bila mimba, muone GP, ukifika miaka 36 usingoje hata huo mwaka. Damu, ultrasaundi, mirija, na mbegu za mume. Mume apimwe mapema, siku zilezile mke anapoanza kupimwa. Shangazi mmoja alitaka nirudi anipeleke Mapango ya Amboni nikaombe, mwingine ana mzee wake Pangani. Mume wangu hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Waingereza hawakuulizi. Miaka minne kazini sijasikia "bado tu?" hata mara moja, na mwanzoni nililipenda hilo. Kesho yake baada ya ile miadi niliingia kazini macho yamevimba, wakazungumza nami habari za mvua. Nyumbani wangeniudhi kwa maswali, lakini wangekuja na uji, wakakaa nami mpaka usiku. Naona hawa wamechanganya heshima na kumwacha mtu peke yake.

Ukilipa mwenyewe hapa, mzunguko mmoja huanzia kama pauni 5,000 na kuendelea, na dawa mara nyingi hazimo. Hakikisha kliniki ina leseni ya HFEA, wasimamizi wa kliniki za uzazi hapa, na kila cha ziada wanachokuuzia kitazame kwanza HFEA imekipa alama gani.

Sisi tumechagua hospitali binafsi Dar. Hesabu likizo yako vizuri: sindano siku 10 hadi 14, mayai yanavunwa, kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kinarudishwa siku 3 hadi 5 baadaye, kisha wiki mbili za kungoja kipimo. Omba wiki sita, na beba majibu yote ya vipimo vya huku. Panga chumba hukohuko Dar. Shangazi nimewaambia Tanga tutafika baada ya kipimo, kwa majibu yoyote tutakayopata, na yule wa barabara ya kumi na mbili ameshaanza kunitandikia kitanda.