Kibali cha kwenda Samagaun, Nepal: namna ya kukiomba bila kukwama Kathmandu

Samagaun ni kijiji kilicho chini ya mlima Manaslu, kwenye mita 3,500 hivi, chini kidogo ya Horombo kule Kilimanjaro. Gari linakuacha mbali na unatembea siku kadhaa. Kuanzia kijiji cha Jagat kwenda juu unahitaji kibali maalumu, mbali na viza, na huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima kiombwe na wakala wa utalii aliyesajiliwa Nepal, na uongozane na kiongozi mwenye leseni. Aliyepanda Kilimanjaro utaratibu huo anaujua.

Viza ndiyo rahisi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anaipata uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30. Jaza fomu ya mtandaoni ndani ya siku 15 kabla ya kufika, uichapishe, na ubebe dola taslimu. Mwenye pasipoti ya Somalia au Ethiopia aombe ubalozini kabla ya kusafiri. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, na uchanje mapema, kwa sababu kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano.

Sasa kibali chenyewe. Wakala atataka pasipoti yako ikiwa na viza ya Nepal ndani, kwa hiyo kazi inaanza ukishatua. Mambo yakienda sawa, siku moja ya kazi inatosha. Lakini Jumamosi ni mapumziko, na katikati ya msimu mzuri wa kutembea, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, kuna Dashain, sikukuu kubwa kuliko zote nchini humo. Ofisi za serikali hufungwa siku kadhaa mfululizo. Wiki chache baadaye inakuja sikukuu nyingine, Tihar.

Hapo ndipo tulipoumia. Wakala alituandikia kwamba sikukuu haitagusa chochote. Tulipofika milango imefungwa, watu wamekwenda makwao, na gari la kutupeleka tulikuwa tumeshalilipia. Hela ile haikurudi. Kabla hujanunua tiketi ya ndege, tafuta tarehe za Dashain na Tihar za mwaka huo, maana zinafuata mwezi na kila mwaka zinahama. Kisha mtake wakala akuandikie siku atakayopeleka maombi na siku atakayokukabidhi kibali. Akikwepa swali hilo, tafuta mwingine.

Ada: Septemba hadi Novemba ni dola 100 kwa siku 7 za kwanza, na dola 15 kwa kila siku inayozidi. Miezi mingine ni 75 na 10. Ongeza rupia 3,000 za hifadhi ya Manaslu, na ukipanga kuvuka Larkya La, njia ya juu mlimani kwenye zaidi ya mita 5,100, utokee Dharapani upande wa pili, rupia 3,000 nyingine za hifadhi ya Annapurna.

Siku hizo 7 zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye kibali. Mawakala wengine huweka siku ya kuondoka Kathmandu, nawe unapoteza siku barabarani kuelekea Machha Khola, kisha nyingine kwa miguu hadi Jagat. Tarehe iwe ya kupita Jagat. Lipia siku mbili za ziada hapohapo, kwa sababu mvua ikibomoa njia, huko juu hakuna ofisi ya kukuongezea.

Kibali kikitoka, kisome kabla hujaondoka ofisini kwa wakala. Majina yetu matatu huwachanganya. La babu huachwa au hugeuzwa kuwa la kwanza. Jagat askari anaweka pasipoti kando ya karatasi, anapitisha kidole kwenye namba, tarakimu moja moja, kisha anaandika daftarini. Kosa la herufi moja ni maelezo marefu.

Kwa miaka mingi kanuni ilitaka wasafiri wasiopungua wawili. Ukiwa peke yako, uliza kanuni ya sasa kabla ya kulipa. Wapo mawakala watakaokuambia watachomeka jina la mtu ambaye hatasafiri. Kataa kabisa. Ukivunjika mguu Samdo, kijiji cha juu ya Samagaun, daftari la polisi linaonyesha watu wawili na mmoja hajulikani alipo, na kampuni ya bima inatafuta sababu ya kutolipa.

Bima nayo isome kifungu cha mwinuko. Nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa kwa mtu anayekwenda Dubai. Unataka inayotaja kutembea milimani hadi mita 5,500 na kubebwa kwa helikopta. Namba yake ya dharura mpe kiongozi wako mkiwa bado Kathmandu, kwenye karatasi, si kwenye simu itakayoishiwa chaji.