SOMO: Kuotesha mwerebi kwa kijiti

Wakuu, mwerebi (kwa Kiingereza willow) ni mti usio na mizengwe. Ndani ya gome lake vianzio vya mizizi vimeshajiumba, vinangoja unyevu tu. Kwa hiyo kuotesha si kazi. Kazi ni kuchagua mahali, na hapo ndipo wengi huchemsha.

1. Mahali. Penye jua na udongo unaoshika unyevu. Mizizi hufuata maji mbali sana, na bomba lenye ufa huingiwa mpaka likaziba. Mwerebi mkubwa wa matawi yanayoning'inia (Salix babylonica) hupita mita 10 kwenda juu. Uweke walau mita 20 kutoka kwenye nyumba na mabomba. Udongo wa mfinyanzi ongeza umbali, maana mti ukishanyonya maji udongo husinyaa na msingi hupasuka. Kama kiwanja hakitoshi, achana na aina hiyo kabisa.

2. Kijiti. Kata wakati mti umepukutisha majani: tawi la mwaka mmoja, unene wa penseli, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Chini kata bapa, juu kata mshazari, usije ukasahau upande upi ni upi.

3. Chomeka theluthi mbili ardhini, macho (vichomozo vya majani) yakitazama juu. Shindilia udongo kwa kisigino.

4. Mwaka wa kwanza ni maji na palizi. Nyasi ndizo zinazonyonga vijiti kuliko ukame wenyewe. Weka matandazo (majani au nyasi kavu za kufunika udongo), ila yasiguse shina.

MASWALI

— Mkuu, wangu uko karibu na ukuta na tayari mkubwa. Niukate?
Usiukurupukie. Kwenye mfinyanzi, ukiondoa mti mkubwa ghafla udongo hunywa maji ukavimba, na msingi unaweza kuinuka. Muite fundi wa majengo aangalie kwanza.

— Majani yananata, na sisimizi wamejaa. Ni ugonjwa?
Hapana, ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Geuza jani utawaona wamejazana kwenye mishipa. Wapige maji kwa nguvu. Mti uliokomaa hautishiki nao.

— Nataka fito za kusukia vikapu.
Hapo panda aina za mwerebi ziitwazo Salix viminalis au Salix purpurea. Kila mwaka, kabla macho hayajafumuka, kata zote hadi sentimita chache juu ya ardhi. Kisiki kitatoa fito mpya zilizonyooka. Mwaka wa kwanza zitakuwa chache na fupi, wewe kata hivyo hivyo.