Wape wanafunzi kwanza fasili iliyoharibiwa

Unafundisha kikomo cha mfuatano, yaani namba L ambayo hatua aₙ za mfuatano huikaribia? Kabla ya uthibitisho wowote, vuruga fasili. Badala ya “kwa kila ε > 0 ipo N”, andika ubaoni: “ipo N ambayo, kwa kila ε > 0 na kila n ≥ N, |aₙ − L| < ε.” Kisha uliza: je, 1/n bado inakwenda 0? Waache wabishane, usiwaokoe mapema. Aliyekariri tu atajulikana hapa. Watagundua kwamba inayobaki ni mifuatano inayofika L na kutulia hapohapo, kama 3, 1, 5, 5, 5… Ndipo wanaona kwa nini N huitegemea ε. Zoezi hilohilo lirudie kwenye mwendelezo sare wa kazi (uniform continuity), ambako δ, yaani umbali unaoruhusiwa kutoka x, hairuhusiwi kutegemea x.