Skeli ya bluzi: anza na nota tatu

Wapiga gitaa wa Mwanza, hasa mliokulia kwenye kwaya: skeli ya bluzi, yaani mfuatano wa nota za muziki wa blues, mnaweza kuiimba kabla ya kuipiga. Ni la, do, re, ri, mi, so. Ukianzia A unapata A, C, D, E flati (E iliyoshushwa nusu hatua), E na G.

Usikimbilie zote sita. Rekodi kodi ya A7 (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye simu, kisha piga A, C na D tu juu yake jioni nzima. Acha kimya baada ya kila kifungu, kama mwimbaji anavyovuta pumzi. Wengi hukiruka kimya hicho, na solo zao zinachosha. E flati iongeze mwishoni. Usitue hapo, ipitie tu kwenda D au E.