Jinsi ya Kutafuta Maneno Marefu ya Kiingereza Yenye Herufi Zilezile

Andika neno "samaki" kwenye karatasi, zikate herufi zake sita, kisha uzipange upya: utapata "masika", bila herufi kuongezwa wala kubaki. Mchezo huu, ambao Waingereza wameucheza kwa karne nyingi na ambao tunaweza kuuita anagramu, ni rahisi maneno yakiwa mafupi. Ugumu huanza pale mtu anapotaka maneno ya Kiingereza yenye herufi 12, 15 au zaidi, ambayo macho peke yake hayawezi kuyalinganisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatafuta, na zaidi ya hapo namna ya kuyachuja, kwa kuwa jozi nyingi ndefu hazina uzuri wowote.

Jambo la kwanza ni kuacha kulinganisha neno na neno. Chukua kila neno, panga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti, na mpangilio huo uwe ndiyo alama ya neno hilo. "Retains" likipangwa hivyo linakuwa "aeinrst". "Nastier" nalo linakuwa "aeinrst", na vivyo hivyo "stainer", "antsier" na "retsina", yaani ile divai ya Kigiriki inayotiwa utomvu wa msonobari. Maneno yenye alama moja ni anagramu, na yenye alama tofauti, hata kwa herufi moja tu, si anagramu. Wachezaji wa mashindano wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, hujifunza alama za namna hii ili, wakiona vibao saba mbele yao, wajue mara moja ni maneno gani yamo ndani yake, kwa maana anayeviweka vyote saba kwa mkupuo mmoja huongezewa pointi 50.

Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1676 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke, aliyetaka kulinda haki ya ugunduzi wake bila kuufichua, alichapisha herufi "ceiiinosssttuu" tu, zikiwa zimepangwa kialfabeti. Mwaka 1678 ndipo alipoeleza kwamba zilikuwa sentensi ya Kilatini "ut tensio, sic vis", maana yake ni kwamba kadiri springi inavyovutwa ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Herufi "u" ya mwisho imesimama badala ya "v", kama ilivyokuwa desturi ya Kilatini.

Ikiwa unafanya kazi kwa mkono, usiandike herufi kwenye mstari, kwa sababu jicho litaendelea kusoma neno la zamani. Ziandike kwa duara, kama wafanyavyo wajazaji wengi wa mafumbo ya maneno, au tumia vibao vya Scrabble na uvichanganye kweli. Anza na herufi zisizotumika sana, kama vile v, k, w, x na z, kwa kuwa hizo ndizo zinazobana uchaguzi. Irabu na herufi kama s, r, t na n zitapata mahali pake baadaye.

Kwa maneno yanayozidi herufi kumi, hata hivyo, mkono hautoshi. Mwenye kompyuta ya Mac anayo tayari orodha ya maneno ndani ya mashine yake, katika faili la /usr/share/dict/words, lenye maneno zaidi ya 230,000 yaliyotoka katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, faili la namna hiyo kwa kawaida huwa mahali palepale, au husakinishwa kwa dakika moja. Andika programu fupi inayosoma orodha hiyo neno kwa neno, inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, inayopanga herufi kialfabeti (katika Python, lugha ya kuandikia programu, inatosha kuandika "".join(sorted(neno.lower()))), na inayoliweka kila neno chini ya alama yake. Mwishoni, agiza programu itoe alama zile tu zenye maneno mawili au zaidi, ikianza na ndefu kuliko zote. Kazi yote huchukua sekunde chache, na hapo ndipo watu wengi wanapodhani wamemaliza.

Hawajamaliza, kwa sababu kinachotangulia katika orodha huwa ni takataka. Miongoni mwa jozi ndefu utakutana na "cholecystoduodenostomy" na "duodenocholecystostomy", zenye herufi 22 kila moja. Yote mawili ni majina ya upasuaji uleule wa kuunganisha kibofu cha nyongo na utumbo mdogo. Maneno ya kitabibu kama haya yameungwa kama mabehewa ya treni, na hapa behewa la pili limepelekwa mbele. Anayejivunia urefu wa jozi hiyo hana alichokifanya zaidi ya kusukuma mabehewa.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo, na kipimo kizuri ni kuhesabu vipande. Likate neno la kwanza katika vipande vichache kadiri iwezekanavyo, ambavyo vikipangwa upya bila kukatwa tena vitatoa neno la pili. Upasuaji ule unahitaji vipande vitatu tu: "cholecysto", "duodeno" na "stomy". "Conversation" na "conservation", ambayo kila mwalimu wa Kiingereza anayajua, yana herufi 12 lakini yanahitaji vipande vitano: "con", "v", "er", "s" na "ation". Kinachobadilishana nafasi ni "v" na "s" peke yake. Hata Kiswahili kinapimika hivyo. "Sikia" na "kisia" ni vipande vitatu, yaani silabi zilezile zimehamishwa, ilhali "samaki" na "masika" yanahitaji vitano kati ya herufi sita, kwa kuwa ni "ma" pekee inayobaki nzima. Ndiyo maana jozi ya kwanza sikio huishtukia mara moja, na ya pili humshangaza hata mtu anayesema Kiswahili tangu utotoni.

Sasa chukua jozi ninayoiona kuwa bora kuliko zote nilizowahi kukutana nazo: "cinematographer" na "megachiropteran". La kwanza ni mpiga picha za filamu. La pili ni popo wa lile kundi kubwa la walao matunda, ambalo popo wa Pemba ni mmoja wao. Kila neno lina herufi 15. Tafuta herufi mbili zinazofuatana katika neno la kwanza na ambazo zinafuatana vilevile katika la pili, na utaona "er" na "ra" tu. Lakini katika neno la popo hizo mbili zimekaa pamoja kama "era" na zinatumia "r" moja, ilhali katika neno la mpiga picha kila moja ina "r" yake. Kwa hiyo ukiihifadhi moja, ya pili huvunjika. Matokeo ni vipande 14 kwa herufi 15. Ipo jozi ndefu kidogo, "basiparachromatin" na "marsipobranchiata", yenye herufi 17, ambayo neno lake la pili ni jina la zamani la kundi la samaki wasio na taya. Humo, hata hivyo, "sip" na "ch" zimevuka bila kuguswa, na maneno yenyewe hayamo midomoni mwa watu. Mimi ningechagua popo.

Baada ya maneno huja mafungu ya maneno, na hapa kompyuta husaidia kidogo tu, kwani itakupa maelfu ya michanganyiko isiyo na maana. Njia inayofaa ni kutoa neno moja linalohusiana na maana ya lile la mwanzo, kisha kuangalia kilichobaki. Kutoka "astronomer", yaani mnajimu, ondoa "moon", mwezi. Zitabaki a, e, r, r, s na t, ambazo hutoa "arrest", "rarest" au "starer". Mawili ya kwanza hayaendi popote, lakini la tatu linakupa "moon starer", mtu anayeukodolea mwezi macho, na hilo linamfaa mnajimu barabara. Ukianza na wingi, "astronomers", unapata "no more stars", nyota zimekwisha.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, rudi kwenye alama ya alfabeti na uhesabu. Niliwahi kuwatumia wenzangu "Morse code", yaani ile alfabeti ya simu ya nukta na mistari, na "here come dots", nukta hizo zinakuja, kwa majivuno makubwa, hadi mmoja wao akauliza kwa upole kwa nini upande mmoja una herufi 9 na mwingine 12. Jozi sahihi ni "the Morse code", na kineno hicho kidogo cha mbele ndicho nilichokisahau. Mafungu ya maneno hudanganya hivi mara kwa mara, kwa kuwa maana ikipendeza sana mtu huacha kuhesabu.

Ukitaka la kujipimia, jaribu "eleven plus two", kumi na moja jumlisha mbili. Toa kwanza "plus", kisha ona ni namba gani mbili zinaweza kutoka katika herufi zilizobaki. Utapata "twelve plus one": upande huu herufi 13, upande ule herufi 13, na jibu la hesabu zote mbili nalo ni 13.