Kipa Mchukue Aliyeiva, Winga Mlee Mwenyewe

Huu ni mwaka wa kumi na mbili nikiendesha timu ya mtaa hapa Kisumu. Asubuhi nauza mashuka Kibuye, jioni niko uwanjani na daftari langu. Dirisha la usajili likikaribia, viongozi wenzangu wa Nyalenda, Obunga na hata Ahero hunijia na swali moja: Mama, tuchukue watoto wa shule tuwalee, au tutafute wachezaji walioiva ambao hawana mkataba na mtu? Jibu langu mmeliona hapo juu. Kulitekeleza ndiko kugumu, na ndiko ninakotaka kueleza.

Wamarekani, kwenye mpira wao wa kubeba mkononi, wamewekewa foleni. Tangu 1936, ligi yao ya NFL hukaa kila mwaka kugawana vijana, wengi wao wa vyuo vikuu. Timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza, kisha inayoifuata, na leo ni raundi saba kwa timu 32. Hata hivyo macho yao hukosea: Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, na alipostaafu alikuwa na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Sisi foleni hiyo hatuna. Kijana mzuri wa Kakamega High au Musingu haletwi kwako kwa sababu ulishika mkia. Anakwenda kwa aliyemwona mapema, akafika kwao, akaketi na mamake.

Basi fungua daftari kabla ya kufungua mdomo. Mchezaji huru, yaani huyo asiye na mkataba na mtu, hana ada ya uhamisho, na neno hilo "huru" limewaponza viongozi wengi. Atataka pesa ya kusaini, chumba, nauli ya mazoezi na posho ya mechi, na hayo yote huanza kuhesabiwa kabla hajagusa mpira. Kijana wa shule ana gharama zake pia: njumu, nauli, sahani ya chakula baada ya mazoezi, na mara nyingine salio la karo. Ila gharama yake kubwa ni muda. Kwa uzoefu wangu, kijana wa miaka 16 hukula misimu miwili kabla hajaanza kukushindia mechi. Kama pesa zako ni za miezi mitatu, usisajili mtu mzima wa kulipwa miezi kumi. Na kama kamati yako haiwezi kuvumilia misimu miwili, usimtoe mtoto kwao.

Hili nililijua kwa kuumia. Mwaka wa uchaguzi wa 2017 tulipata mfadhili. Alituletea jezi mpya, mipira kumi na ahadi ya posho kila wiki. Tukasajili watu wazima saba kwa mkupuo, na vijana wetu tukawarudisha benchi. Mechi kumi za kwanza tulishinda saba, mtaa mzima ukaimba. Agosti ilipopita, simu ya mfadhili ikawa inaita tu. Baada ya wiki tatu, kati ya wale saba walibaki wawili, na siwalaumu walioondoka, kwa sababu nao wana watoto wa kulisha. Tulinusurika kushuka daraja kwa pointi moja. Kilichonikosesha usingizi si pointi, ni winga wetu wa kushoto, mtoto wa miaka 17 ambaye nilimkalisha benchi nusu msimu. Alikuwa ameacha kuja mazoezini. Nilimkuta Dunga akimsaidia mamake kuanika omena, hakuinua hata macho kuniangalia. Nilikwenda mara tatu ndipo akarudi. Tangu hapo nina sheria moja: hakuna dirisha nitakalosajili zaidi ya watu wazima watatu.

Hao watatu nawaweka wapi? Katikati, kuanzia nyuma. Kipa kwanza, kisha beki wa kati, na pesa ikiruhusu, kiungo mkabaji. Sababu ya kawaida mnaijua: kosa la kipa ni bao, kosa la winga linatokea mbali na lango lako na kuna watu sita wa kulirekebisha. Lakini iko sababu nyingine ambayo sisikii makocha wakiitaja. Kipa na beki wa kati kazi yao nusu ni mdomo. Ni lazima wapige kelele: toka, rudi, mshike huyo, acha! Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hawezi kumkemea mtu wa rika la mjomba wake. Nilikuwa na kipa wa miaka 17, mikono kama gundi, lakini kona ikipigwa aliwaambia mabeki kwa sauti ya kuomba. Tulifungwa mabao manne ya kona mwezi mmoja. Sikumwacha. Nilimleta kipa wa miaka 31 akae naye, na yule kijana akajifunza kupaza sauti kwa kumsikia mwenzake kila siku.

Pembeni ni kwa vijana. Winga anahitaji mbio, uthubutu na kusahau haraka, na hivyo ni vitu ambavyo mtu wa miaka 30 ameshaanza kuvipoteza. Ukinunua winga aliyeiva unalipia kasi ya mwaka juzi.

Kumtafuta mchezaji huru anayefaa, usianze na miguu yake. Anza na swali: kwa nini hana timu? Ukanda wetu huu una jibu ambalo sehemu nyingine hazina. Chemelil, Muhoroni, Nzoia, SoNy: timu hizi zilikua kwenye mashamba ya miwa. SoNy Sugar ya Awendo walibeba ligi kuu mwaka 2006, na msimu wa 2019/20 wakatolewa ligini kwa kukosa kufika mechini. Timu inapoyumba kwa sababu ya pesa, wachezaji wazuri hubaki nyumbani bila kosa lao. Hao ndio wa kukimbilia. Aliyeachwa na pesa si sawa na aliyeachwa na kocha.

Ukishampata, usiulize kocha wake wa zamani peke yake, maana kocha ana deni la maneno mazuri. Muulize aliyekuwa akifua jezi, na mwenye kibanda alichokuwa akila. Beki wetu wa kati wa sasa nilimsajili kwa neno la mama mmoja wa kibanda karibu na kituo cha matatu cha Kiboswa. Alinipakulia ugali na samaki, nikamtaja yule beki, naye akaacha mwiko kwenye sufuria.

"Huyo? Timu yao ilipokosa mshahara aliniambia, Mama, niandikie. Alipopata kibarua cha ujenzi alikuja kulipa yote, na ya mwenzake akalipa."

Ya mwenzake! Sikuhitaji kumwona akipiga kichwa. Jioni ile nilimpigia simu. Tulipokutana nilimuuliza mambo matatu: goti lako lilipasuliwa lini, nyumbani wanakutegemea wangapi, na uko tayari kumfundisha mtoto atakayechukua nafasi yako? Kwa swali la tatu wengi hutazama chini. Yeye aliuliza, "Huyo mtoto ni wa mguu gani?"

Kisha karatasi. Hapa timu ndogo huumia bure. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine mkataba wake ukibakisha miezi sita au chini, na klabu inayomtaka inapaswa kuiarifu klabu yake kwa maandishi. Asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba, lakini ni baada ya kuidai kwa barua na kutoa angalau siku 15. Akikuambia tu kwa mdomo kwamba "walishaniacha", mwambie alete barua ya kuachiliwa. Bila barua usimchezeshe hata dakika moja, pointi zitapokonywa mezani.

Sasa watoto. Mechi za shule huchezwa muhula wa pili, na makosa ya wengi ni kungoja fainali za kitaifa. Kule klabu kubwa zimeshajaa jukwaani. Mimi huenda michezo ya kanda na ya kaunti ndogo, kwenye viwanja vyenye ng'ombe pembeni, na ninakaa upande wa lango la timu inayofungwa, sio inayofunga. Mabao sihesabu. Namtazama kijana sekunde tano baada ya kupoteza mpira: amesimama na mikono kiunoni, au ameshageuka? Halafu naangalia dakika ishirini za mwisho, jua la Kisumu likiwa limemchosha kila mtu. Huku kwetu mawingu hupanda kutoka ziwani saa tisa, saa kumi, na mvua ikimwagika udongo mweusi hushika njumu kama saruji. Nikimwona mtoto anayebadilisha mchezo wake hapo, aache chenga na apige pasi ya kwanza, naandika namba ya jezi.

Mara nyingi namba hiyo naitazama mara tatu, siku tofauti, kabla ya kusema na mtu. Nikiridhika, wa kwanza kuongea naye ni mwalimu wa michezo, wa pili mzazi, na kijana ni wa mwisho. Usimpe mtoto pesa mkononi. Mzazi akubali mbele ya shahidi ratiba ya mazoezi isiyogusa masomo. Kwa aliye chini ya miaka 18, mkataba wa kulipwa hauwezi kupita miaka mitatu, na hata huo mimi siukimbilii. Namsajili kama mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa mshahara, na cheti chake cha kuzaliwa, basi.

Lakini hakikisha umemsajili kweli, kwa jina lake sahihi, kila msimu. Nasisitiza hili kwa sababu kuna pesa halali ambazo timu za mitaa huziacha zipotee. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, asilimia 5 ya malipo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mwaka mmoja wa umri wa 12 hadi 15 ni robo asilimia, na wa 16 hadi 23 ni nusu asilimia. Ukiwa naye akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17, fungu lako ni asilimia moja na nusu. Akiuzwa kwa shilingi milioni 10, hiyo ni shilingi 150,000, karibu seti kumi za jezi kwa bei ninayonunulia. Kama usajili haukuandikwa, huna cha kuonyesha.

Kwenye kikosi nawaingiza wawili wawili, kila mmoja akiwa karibu na mkubwa wake: winga wa kushoto na beki wa kushoto mwenye umri, kiungo mdogo mbele ya kiungo mkabaji. Wakisafiri wanaketi kiti kimoja. Nimegundua kwamba mafunzo mengi hutokea kwenye matatu kati ya Chavakali na Mamboleo, tukirudi tumefungwa, kuliko ubaoni.

Na siku ya kuondoka itafika, kwa sababu wenye uwezo watakuja. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyobeba ligi kuu mara nne, huja na kitu ambacho sina, yaani ajira ya jeshi. Mzazi wa Nyalenda akisikia hivyo, usimwombe asubiri. Andaa faili mapema: nakala ya cheti, fomu za usajili za kila msimu, picha, barua.

Yule winga wa Dunga alicheza nasi misimu mitatu baada ya kurudi. Klabu ya daraja la juu ilipomtaka, alikuja sokoni asubuhi na mamake, wakanikuta nikipanga mashuka. Mama mtu alikuwa amebeba omena kwenye karatasi. Nilimwandikia kijana barua yake papo hapo juu ya meza ya biashara, nikaipiga muhuri, na nakala moja nikaitia kwenye faili.