Kupanga chumba cha matibabu ya meno ndani ya nyumba ya kale, Lamu

Mwenzangu amekodi nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, anafungua kliniki ya meno. Tulipanga hivi.

Hatua ya 1: Kiti. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, maana dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti ina kikomo chake. Laza kiti kufuata urefu wa chumba, miguu ielekee mlangoni. Kichwa kisisongwe na ukuta, kwa kuwa daktari hukaa nyuma yake au kuliani, msaidizi kushotoni. Kalia kigoda chako uzunguke. Goti likigonga ukuta, sogeza kiti.

Hatua ya 2: Mabomba. Hapa usiharakishe. Umeme, maji, hewa ya kompresa, mfyonzo wa mate na maji machafu, vyote hutokeza sakafuni mahali pamoja chini ya kiti. Mdai muuzaji mchoro kabla kiti hakijapakiwa jahazini, kisha uuchore kwa chaki sakafuni, ukubwa ule ule. Mlaze mtu hapo, fundi bomba akiwepo.

Usikubali fundi atoboe kuta. Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, basi zungumza kwanza na Makumbusho ya Taifa, wanaoulinda. Mimi huinua sakafu kwa mbao na kupitisha mabomba chini yake. Bomba la maji machafu literemke sentimita 2 kwa kila mita, na mlangoni weka mteremko, si ngazi, wazee watajikwaa.

Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, yataziba vali na kuila drili. Nunua kiti chenye chupa yake ya maji, ujaze maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu vya vyombo kwa mvuke, nayo inataka hayo hayo. Kompresa iwe isiyotumia mafuta, yenye kikausho cha hewa, na ikae mbali na choo. Kwa unyevu wetu tangi hukusanya maji, kwa hiyo fungua koki ya chini kila jioni mpaka itoke hewa tupu.

Hatua ya 3: Vyombo. Vichafu viingie upande mmoja wa chumba cha kusafishia, vioshwe, vifungwe, viingie otoklevuni, vitokee upande wa pili. Visikutane njiani.

Hatua ya 4: Kabati. Alumini. Mbao za kubandika huvimba.

Hatua ya 5: Eksirei. Usiiwashe bila leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Iombe mapema, michoro ya chumba ikiwa bado mezani.

Wanaosubiri wakae dakani, kwenye baraza ya mlangoni, pana upepo.